Kibuyu na Hadubini

Kosa la kwanza nililolitenda katika mambo ya bakteria, kosa lililonipatia fito tatu za mpera miaka mingi kabla sijajua kuwa duniani wamo viumbe waitwao kwa jina hilo, lilikuwa ni kosa la usafi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, nikilelewa na bibi mzaa mama katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga, kusini kidogo ya Mto Pangani. Na katika nyumba yetu ya makuti palikuwa na kibuyu kimoja cha maziwa, cheusi kwa moshi wa miaka, chembamba cha shingo, ambacho hapana mtoto aliyethubutu kukigusa ila kwa idhini ya mwenyewe. Siku hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha somo la siha, kwamba kila chombo cha chakula sharti kioshwe kwa sabuni. Nami, kwa ile bidii ya mwanafunzi anayetamani kuwasomesha waliomlea, nilikitwaa kibuyu bibi alipokuwa kondeni, nikakitia mchanga, majivu na kipande cha sabuni ya mche, nikakisukasuka na kukisuuza mpaka maji yakatoka meupe na harufu ya moshi ikatoweka, kisha nikakianika juani nikingojea sifa.

Sifa hazikuja. Maziwa ya jioni ile, ambayo kwa desturi yangeganda kwa siku moja au mbili yakawa mtindi mzito wenye uchachu wa kupendeza, yalikaa kimya kana kwamba yanashauriana, na siku ya tatu yakajitenga mabonge mabonge, yenye mapovu na utelezi, machungu ulimini, yananuka harufu ambayo hata paka wa jirani aliipa kisogo. Bibi aliyamwaga nyuma ya banda, akachuma ufito, na alipokwisha kunipa haki yangu aliketi juu ya kinu kilicholazwa, akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa: “Umewafukuza wenyeji, mjukuu wangu, wakaingia wapita njia.”

Sikumwuliza wenyeji gani. Nilidhani anasema juu ya mizimu, na uchungu wa fito haukuniachia nafasi ya udadisi. Niliona tu kwamba alikwenda kuazima mtindi kwa jirani, akautia ndani ya kibuyu pamoja na maziwa mapya, akautupa mgando wa kwanza, akautazama wa pili kwa mashaka, na kwamba zilipita wiki nzima tatu kabla ladha ya zamani haijarejea. Tangu hapo nilianza kuyachungua matendo yake, nikayakuta yana utaratibu mkali kuliko wa mwalimu wetu wa siha. Kibuyu kilisuuzwa kwa maji ya moto, hakikuonja sabuni abadan. Kilitiwa kijinga cha moto, kikafumbwa na kusukwasukwa mpaka moshi ukapenya kila ufa. Na daima mtindi kidogo wa jana uliwekwa kando ndani ya kata, ukarudishwa kuwa chachu ya maziwa ya leo. Leo naweza kuyaeleza hayo kwa maneno ya maabara: kwamba katika vijitundu vya ukuta wa kibuyu na katika ile kata wamo bakteria walao sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi, kwamba asidi hiyo ndiyo iyagandishayo maziwa, na kwamba kwa ukali wake huwafungia mlango wengi wa wale wageni waharibifu wasioweza kuishi mahali pachachu. Mimi niliwaondoa wenye nyumba, na nyumba tupu haikukaa tupu.

Nimeishi na maneno ya wazee wangu muda mrefu, nikayaona yana elimu ambayo wenyewe hawakujidai kuwa nayo. Mzizi mmoja wa neno umezaa kuvunda, ambako ni kunuka na kuharibika, na kuvundika, ambako ni kukifunika kitu kwa makusudi hadi kiive. Nyama huvunda ikatupwa, na ndizi huvundikwa zikaliwa. (Ndizi, kwa kusema kweli, huiva zenyewe bila ya msaada wa bakteria, walakini muhogo wa kivunde ni kazi yao hasa, maana hulowekwa siku kadhaa, nao wakaulainisha na kusaidia kuiondoa ile sumu iliyomo katika muhogo mchungu.) Hali kadhalika chachu na kuchacha ni ndugu wa tumbo moja, ilhali mmoja hualikwa jikoni na mwingine hufukuzwa, na tembo la mnazi likiachwa siku nyingi mlevi hulilaumu na mpishi wa achari hulishukuru, kwa kuwa limekuwa siki. Wazee waliona kitu kimoja, kikiwa na msimamizi na kikiwa hakina.

Mwaka 1974 niliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja ya wilaya, na huko ndiko nilikokutana na hadubini. Somo la kwanza lilikuwa ni lile la kuwatia bakteria rangi kwa njia iliyovumbuliwa na Hans Christian Gram wa Denmark mwaka 1884, ambayo mpaka leo hutumika katika maabara za tiba: sampuli hupakwa juu ya kioo, hukaushwa juu ya moto, humwagiwa rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha spiriti ya kuondolea rangi, na mwisho rangi nyekundu, na wale wenye ukuta mnene huishika zambarau wasiiachie, na wale wenye ukuta mwembamba huipoteza wakavaa wekundu. Nilipoziona rangi hizo mbili zimepangika mbele ya jicho langu, dhahiri kama mashabiki wa timu mbili za mpira, moyo wangu ulijaa furaha, kwa kuwa nilidhani nimefika mwisho wa elimu. “Mwalimu,” nikauliza, “wepi ni wema na wepi ni wabaya?”

Mwalimu wangu, mtu mzima mwenye kofia ya viua na subira kubwa, alicheka mpaka akavua miwani. Hakunijibu. Alinitengenezea kioo cha mtindi, nikaona vijiti vya zambarau. Akanipa kioo cha usaha wa jipu, nikaona viduara vilivyoshikamana mithili ya kichala cha zabibu, navyo ni vya zambarau. Akanieleza kuwa vijidudu vya pepopunda na vya kimeta huvaa zambarau hiyo hiyo. Kisha akanionyesha kioo cha, ashakum si matusi, choo cha mtu mwenye afya tele, kimejaa wekundu. Na akaniambia kwamba kijidudu cha kipindupindu nacho ni mwekundu, nami Mungu akinipa umri huenda nikamwona. “Hadubini,” akasema akivaa miwani yake, “haina kadhi ndani.”

Jina baya walilonalo bakteria lina usuli wake. Aliyewaona kwanza, Antonie van Leeuwenhoek wa Delft katika nchi ya Uholanzi, alikuwa muuza nguo aliyejisagia lenzi kwa mikono yake, na katika barua zake za mwaka 1676 na 1683 aliwaeleza, wale wa majini na wale wa kwenye ukoga wa meno yake mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyeingia bustani asiyoijua. Hakuwa na ugomvi nao. Ugomvi ulianza karne ya 19, walipokuja wachunguzi waliokuwa wakitafuta sababu za vifo. Robert Koch, aliyemtangaza kijidudu cha kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na ambaye baadaye alifika Dar es Salaam na Amani katika uchunguzi wake wa maradhi ya nchi za joto, alikuwa mwindaji wa wauaji, na mwindaji wa wauaji hurudi na alichokiendea. Louis Pasteur, hasimu wake, alianza kwa amani zaidi, akiandika mwaka 1857 juu ya uchachu wa maziwa, lakini naye umaarufu wake mkubwa ulitokana na vita. Na Élie Metchnikoff, aliyejitokeza kuwasemea wema wao kwa kusifu maziwa ya mgando ya Wabulgaria, alizidisha chumvi kwa kuyafanya siri ya maisha marefu. Basi watu tukarithi vita, na kwa miaka mingi mimi mwenyewe, nikiwa na koti jeupe na chupa ya dawa ya kuulia vijidudu, nilikuwa askari mtiifu.

Mwishoni mwa mwaka 1977 nilimwona yule mwekundu niliyeahidiwa. Kipindupindu si mgeni wa mwambao wetu. Katika miaka ya 1869 na 1870 kiliua watu wengi Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwapo, aliandika kitabu juu yake kilichochapwa mwaka 1876. Lakini kizazi changu hakikukijua. Madarasa ya shule moja ya msingi yaligeuzwa wodi, madawati yakarundikwa nje, na mahali pake pakawekwa vitanda vya kamba vilivyotobolewa katikati, kila kimoja na ndoo yake chini, kwa sababu mgonjwa hakuwa na nguvu wala muda wa kuinuka. Mtu aliyeingia asubuhi akitembea kwa miguu yake, jioni macho yalikuwa yamezama, sauti imekauka, na ngozi ya mkono ukiifinya hubaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mgonjwa mahututi huweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja, maji meupe mithili ya yale yaliyooshewa mchele. Usiku wa kwanza nilichukua tone la maji hayo, nikalifunika kwa kioo chembamba, nikainama. Walikuwa wakipita kasi, huku na huku, kama dagaa waliotishwa na jodari, hata jicho halikuweza kumfuata mmoja zaidi ya nukta moja. Nakiri kwamba nilisogea nyuma kama mtu aliyeona nyoka.

Walakini lililonistaajabisha zaidi nililiona si ndani ya hadubini. Wauguzi walikuwa wakichanganya vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa, wakamnywesha mgonjwa kidogo kidogo bila ya kuchoka, na wengi niliowahesabu kuwa maiti waliketi siku ya pili wakaomba uji. Nilieleweshwa baadaye kwa nini. Kijidudu cha kipindupindu hakiingii mwilini wala hakiuli utumbo. Hujigandisha ukutani, kikatoa sumu inayofungua milango ya maji yatoke. Lakini mlango mmoja hakiwezi kuufunga, nao ni ule ambao sukari huingilia ikiikokota chumvi pamoja nayo, na maji yakazifuata. Elimu hiyo ilipevuka Dhaka na Calcutta katika miaka ya 1960, na mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis, alipoishiwa na maji ya mishipani, aliwapa jamaa wa wagonjwa ndoo za sukari na chumvi wawanyweshe wenyewe, na vifo vikapungua kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Katika dawa zote nilizopata kuzigusa, sijaona iliyo rahisi na adhimu kama hiyo.

Katika wodi ile alikuwamo mvuvi mmoja mzee, niliyemnywesha kikombe kwa kikombe usiku kucha kwa kuwa wauguzi hawakutosha, naye akapona. Asubuhi aliniuliza mdudu huyu ametoka wapi, nami nikamjibu, kwa uhakika wa kijana ambaye elimu yake haijapigwa na mawimbi, kuwa ametoka katika uchafu wa wanadamu. Jibu hilo lilikuwa nusu ya kweli, na inatosha kuokoa roho, maana kisima kilicholindwa na choo kilichochimbwa mbali nacho ndivyo vilivyomaliza balaa lile. Lakini nusu ya pili niliijua nywele zangu zilipokwisha kuingia mvi. Makao ya asili ya kijidudu hiki ni maji ya chumvi hafifu, pale mto unapokutana na bahari, ambako huishi juu ya magamba ya viumbe wadogo wa majini na kuyavunjavunja, na bila ya wavunjaji wa namna hiyo magamba ya bahari yote yangerundikana yasirudi kuwa chakula cha wengine. Huko ni mfagizi. Fauka ya hayo, wengi wa ukoo wake hawana sumu kabisa. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos, wataalamu wa Marekani, walionyesha kwamba maandiko ya kutengenezea ile sumu huletwa na kirusi kimwingiacho bakteria, kikamwachia urithi huo. Na aliyeupata, ndiye muuaji. Mvuvi wangu alikuwa akiwapita jamaa zake hao kila alfajiri, akienda kuzitazama dema zake, pasipo ugomvi baina yao. Nasikitika kwamba alifariki kabla sijaweza kulirekebisha jibu langu, ingawa sidhani kwamba lingemshangaza kama lilivyonishangaza mimi, kwa kuwa alikuwa mtu wa bahari, na watu wa bahari wamezoea kuwa kinachowalisha ndicho kinachowazika.

Nilipokwisha kuyajua hayo nilimfikiri upya yule mwekundu wa pili, mwenyeji wa matumbo yetu, ambaye Theodor Escherich, daktari wa watoto, alimkuta mwaka 1885 katika vinyesi vya watoto wachanga, na ambaye sasa anaitwa kwa jina lake. Kazi yangu ya kila wiki ilikuwa ni kumtafuta katika maji ya visima; nikimwona, niliandika kuwa kisima hakifai, si kwa sababu yeye ni mbaya, bali kwa kuwa mara nyingi hapatikani ila palipoingia kinyesi, na kinyesi kinaweza kuja na wengine. Alikuwa kama mtoto wa jirani ambaye ukimwona uwanjani kwako unajua kuwa ua limebomoka. Ndani ya utumbo hutupatia sehemu ya vitamini tuihitajiyo damu ipate kuganda, na huwabana wageni wasipate nafasi. Msogeze vidole vichache tu, aingie katika njia ya mkojo, na mwanamke atalia kwa maumivu. Na katika ukoo wake huo huo wamo waliopata silaha, kama lile kabila lililotambuliwa Marekani mwaka 1982, lililowafanya watu waharishe damu kwa nyama ya kusaga isiyoiva. Jina moja, umbo moja, rangi moja. Mwalimu wangu alikuwa mwenye haki kucheka.

Sharti nieleze na upumbavu wangu mwingine, kwa kuwa huu niliufanya nikiwa na cheti. Nilipata mafua makali, nikaona aibu kulala kitandani kwa ugonjwa mdogo, nikapita duka la dawa baridi nikanunua zile za rangi mbili, nikazimeza kwa kipimo nilichojipangia mwenyewe. Mafua, ambayo huletwa na virusi na hayajali dawa hizo hata kidogo, yaliendelea na safari yake kwa utulivu. Bali tumbo langu lilichafuka, nikawa mtu wa kwenda na kurudi msalani siku tano. Hesabu ya karibuni inasema kuwa mwili wa mtu mzima hubeba bakteria takriban trilioni 38, zaidi ya seli zake mwenyewe, ingawa uzito wao wote hauzidi sana gramu 200, yaani kikombe cha maharage. Na sehemu kubwa mno wako katika utumbo mpana. Mimi nilikuwa nimeimwaga sabuni ya mche ndani ya kibuyu kwa mara ya pili. Bibi aliniletea mtindi, nikanywa. Sisemi kuwa ndio ulioniponya, kwa kuwa huenda ningepona hata bila ya kuunywa, lakini sikuwa na uso wa kuukataa. Alexander Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba mtu mjinga atajipa dawa pungufu, na vijidudu vikajifunza kuistahimili. Sikutarajia kwamba angenitaja mimi.

Wale wa mashambani nitawapitia kwa haraka, ingawa hawastahili haraka. Bwana shamba alitung'olea mche wa kunde siku moja, akatuonyesha vinundu katika mizizi yake, nasi sote tukasema ni ugonjwa. Akasugua, vikabanduka, akatueleza kuwa uvimbe wa minyoo haubanduki, kwani ni mzizi wenyewe uliovimba, na kwamba vinundu hivi ni vyumba walivyojengewa bakteria wanaoitwaa hewa na kuigeuza mbolea. Akakipasua kimoja kwa ukucha, ndani kikawa na rangi ya waridi, akasema hicho ni chumba chenye kazi. Bibi alikuwa akipanda kunde kati ya mahindi tangu kabla bwana shamba yule hajazaliwa, na alipoelezwa sababu alisema ni vizuri kwamba serikali nayo imejua.

Nimebakiza kisa kimoja, cha mwaka 1979, ambacho naogopa kukisimulia mbele ya wale wanaopenda kuwasifu wazee bila ya masharti. Mjomba wangu, mwana wa mwisho wa bibi, ndiye aliyekuwa akichunga ng'ombe zetu. Alishikwa na homa inayokuja jioni na kuondoka alfajiri, pamoja na jasho jingi, maumivu ya kiuno na uchovu usiotoka, akatibiwa malaria mara tatu, homa ikienda wiki moja na kurudi. Bibi alimleta kwangu kwa basi. Tulipopeleka damu yake kwenye maabara kubwa, jibu lilirudi kwamba ana ule ugonjwa ambao kwa ng'ombe huitwa wa kutupa mimba, unaoletwa na kijidudu cha ukoo mmoja na kile ambacho David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza, alikigundua Malta mwaka 1887, na ambacho Themistocles Zammit alikuja kukikuta mwaka 1905 katika mbuzi wa kisiwa hicho, ambao maziwa yao mabichi watu na askari waliyanywa kwa furaha. Nikamwuliza bibi kama kuna mtamba aliyeharibu mimba. Akasema wawili, mwaka juzi. Nikamwuliza maziwa yao yaliingia wapi. Hakunijibu, kwa kuwa alikwisha kunielewa.

Mjomba alimeza tetrasaiklini wiki sita, akadungwa na sindano za streptomaisini, akapona kwa dawa zile zile za jamii niliyokuwa nimeichezea. Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa baina yangu na bibi. Nilimwambia maziwa yachemshwe kabla ya kutiwa kibuyuni. Akasema maziwa yaliyochemshwa yamekufa, hayagandi, huoza tu. Na hapo alikuwa na haki, kwa kuwa moto hauchagui, huwaua wenyeji na wapita njia pamoja. Ndiyo sababu nilimwambia yaachwe yapoe mpaka kidole kivumilie, kisha yatiwe chachu ya ng'ombe waliopimwa, na kibuyu chenyewe kimwagiwe maji yanayotokota kabla ya kufukizwa. Akasema kibuyu kile kilimlea mama yake. Nikasema uchachu wa mtindi huwazuia wengi lakini si wote, na kwamba huyu wa homa huweza kuustahimili. Akasema basi nimwonyeshe.

Alikuja na mtindi wake katika chupa ya soda, akaingia maabara baada ya saa za kazi, amejitanda kanga, akavua viatu mlangoni. Nilichukua tone, nikalizimua kwa maji, nikalifunika kwa kioo chembamba, nikapunguza mwanga, nikamsogezea kigoda. Hakujua kulifumba jicho moja, nikamfumba kwa kiganja changu. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyomwona mwanafunzi yeyote akitazama.

“Naona vijiti,” akasema.

“Ndio wenyewe, bibi.”

“Mbona hawatembei?”

“Hawana cha kutembelea. Hutikiswa na maji tu.”

“Na wale wa kipindupindu, uliotusimulia?”

“Wale hukimbia, bibi. Jicho haliwafuati.”

Akanyamaza, jicho lake halikubanduka. “Basi hawa wako kwao,” akasema.

Nilitaka kumwambia kuwa hiyo si kanuni, kwamba wamo wakimbiao wasiomdhuru mtu, na kwamba wa kimeta hulala tuli kama hawa akaua ng'ombe na mchinjaji wake. Lakini kiganja changu kilikuwa usoni pake, nikahisi kope zake zimelowa, nikanyamaza.

“Na huyo aliyemwuguza mwanangu yuko wapi?”

“Hatumwoni humu. Pengine yumo, pengine hayumo. Ni mdogo mno, na kumwotesha huchukua siku nyingi.”

Aliinuka, akajifunga kanga yake upya, akaitazama chupa ya soda iliyobaki nusu, akaizibua, akaimimina yote katika karo la maabara, na maji akayafungulia mwenyewe. Alipofika mlangoni, akiwa anatafuta kiatu chake kwa mguu, alisema bila ya kugeuka: “Lete hiyo chachu yako. Maziwa nitayachemsha, na maji ya moto nitayamwaga. Lakini wewe kibuyu changu usikiguse.”